Amri Imefika, Isale Bado

Juzi, kwenye ofisi ya elimu hapa Moshi, nilimkuta ofisa kijana akimsomea amri ya mahakama mwalimu aliyemfundisha yeye kusoma: mgomo uishe, walimu warudi darasani mara moja. Alianza na shikamoo, akamalizia na vitisho. Mama yule alisikiliza, mikono kifuani.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mwalimu."

"Na isale umeleta?"

Huku kwetu aliyekosea hupeleka jani hilo, na aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe.

"Mwalimu, hii ni amri ya mahakama!"

"Basi mahakama ikashike chaki."

Akaondoka zake. Nilipotoka nikaona ua wote wa ofisi ni masale, mimea ya majani hayohayo ya isale, yamepunguzwa vizuri kabisa. Bila shaka kuchuma jani moja kunahitaji kibali cha wizara.