Stima Jikoni kwa Mama Mkwe

Kwetu Bungoma, mwanamume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono. Hawaketi meza moja wala hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja hupata ghafla shughuli kubwa vichakani. Nilipooa, niliiona desturi hii kuwa ya raha tupu. Rafiki zangu wa Kitale walikuwa na mama wakwe waliokuja kukaa miezi miwili na kuwafundisha namna ya kuchemsha chai. Mimi wangu nilimjua kwa kisogo na kwa sauti yake ya kuimba kanisani, na nilimpenda hivyo hivyo.

Shida ilikuja miaka ya tisini ilipoanza, nyumba yake ya nje kidogo ya mji wa Bungoma ilipotiwa stima. Wakati huo nilikuwa fundi wa stima Kitale, mwenye kazi ya kutosha na maringo ya kubakiza. Familia moja iliyokuwa inahama shamba karibu na Kiminini iliniachia oveni ya kujengewa ndani ya kabati, pamoja na sahani zake nne za kupikia za kulaza juu ya meza. Nikaamua, bila mtu kuniuliza, kwamba mama mkwe ameumia macho kwa moshi vya kutosha. Wakwe wengine hupeleka blanketi. Mimi ningepeleka oveni, na jiko lote ningelivunja na kulijenga upya.

Nilichosahau ni kwamba jikoni ni kwa mama, na alipo mama mimi siwezi kuwapo. Nikiingia na kisanduku changu cha vyombo, yeye anatoka kwa mlango wa nyuma. Akitaka chumvi, anakohoa mara mbili huko nje, nami natoka kwa mlango wa mbele na nyundo mkononi. Siku ya kwanza nilitoka mara tisa. Sidhani kuna jiko jingine Kenya hii lililojengwa na watu wawili wanaokimbiana.

Maneno yetu yote yalipitia kwa mke wangu, aliyesimama katikati ya nyumba kama mkalimani wa mkutano wa injili. Tofauti ni kwamba mkalimani wa injili hutafsiri. Mke wangu alichuja. Neno lolote aliloona litamwaibisha mmoja wetu alilimeza.

"Muulize mama swichi kubwa ya jiko ikae wapi."

Akaenda, akarudi. "Anasema popote utakapopenda."

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba mama alikuwa amesema waziwazi: anaitaka kando ya mlango, si juu ya sufuria, maana nani atapitisha mkono kwenye mvuke akitafuta swichi? Mke wangu aliona huko ni kumwamuru mkwe. Kwa bahati, hata sheria ya ufundi inasema hivyo hivyo, kwa hiyo niliiweka kando ya mlango, nikajipongeza kwa akili zangu.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri. Nilivuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye sanduku la fyuzi, usiochangia na taa wala redio, kwa sababu oveni ina njaa ya stima. Seremala alitaka kuibana kwenye kabati kama sanduku la nguo. Nikamlazimisha aache nafasi nyuma ipate kupumua. Na nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, pale maji ya vyombo yanapomwagwa na udongo haukauki, nikapigilia chuma cha athi na kukiunga na waya wa kijani unaotoka kwenye bati la oveni. Stima ikivuja, hupita kwenye waya huo ikazama ardhini. Pasipo chuma hicho, stima hubaki kwenye bati ikimsubiri mtu.

Siku ya kuondoka nilimwambia mke wangu, "Mwambie mama kile chuma cha nje kisiguswe kabisa. Na jiko likimuuma hata kidogo, azime na aniite."

Alikwenda kumwambia. Nilimwona kwa macho yangu akienda.

Wiki tatu zilizofuata, habari zilizofika Kitale zilinivimbisha kichwa. Mama ameoka mkate. Akina mama wa kanisa wamekuja kuona. Mama anamsifu mkwe wake mpaka watu wanaomba maji ya kunywa. Hata mwendo wangu ulibadilika; nilianza kutembea mikono nyuma.

Jumapili moja baada ya ibada tukaenda kumtembelea. Mke wangu alisimama barabarani kusalimiana na jirani, nami nikazunguka nyuma ya nyumba ili nisigongane na mama mlangoni. Kwenye migomba nikakuta ndama. Alikuwa anakula majani ya maboga kwa utulivu, kamba shingoni, na mwishoni mwa kamba akiburuta chuma changu cha athi. Kipande cha waya wa kijani kilikuwa bado kinaning'inia.

Nilikiangalia kile chuma kwa muda, nikitumaini kuwa ni kingine. Kisha nikasikia sahani zikigongana jikoni, na nikachungulia dirishani. Mama mkwe alikuwa amepiga deki, sakafu ya simiti inang'aa kwa maji, naye yuko miguu mitupu. Taa nyekundu ya swichi kubwa ilikuwa inawaka. Alikuwa amezungushia leso kwenye mkono wake, leso yenyewe imelowa, na mkono unaelekea kwenye mlango wa oveni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika kazi hii.

"Mama, usiguse," nikasema, kwa sauti ambayo mkwe hana ruhusa kuwa nayo. "Rudi nyuma. Rudi mpaka ukutani."

Akarudi. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, ule wake, nikazima swichi, nikaenda nikatoa na fyuzi. Niliporudi alikuwa amesimama pale pale, lakini amegeuza uso ukutani, kwa adabu. Nami sikutoka nje.

"Mama, hili jiko limewahi kukuuma?"

Akajibu akiuambia ukuta. "Inauma kidogo tu. Kama siafu."

"Tangu lini?"

"Tangu ndama ang'oe kigingi yako mara ya kwanza. Wiki mbili hivi."

"Kigingi changu?"

"Si ile uliniwekea ya kufunga ndama? Nilifulahi sana, baba. Nikaambia akina mama kanisani, huyu mkwe ameona mpaka ndama hana mahali pa kufungwa."

Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. "Hukuambiwa kile chuma kisiguswe?"

"Niliambiwa kila kitu iko tayari, nipike tu."

Mke wangu alikuwa amefika mlangoni. Alisikia hayo na kuanza kuikagua dari.

"Na kwa nini hukutuma neno kwamba linakuuma?"

"Ningeanzia wapi? Mtu ametoa jiko Kitale mpaka hapa, ametoka jasho, halafu nitume neno ati zawadi yake inauma? Nilikuwa nafunga leso mkono, napakua."

Husemwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu mama hakuwa ameficha maradhi yake. Alikuwa ameficha kosa langu, wiki mbili, kwa mkono wake mwenyewe, huku mimi natembea Kitale mikono nyuma. Niliona aibu iliyonifika mpaka miguuni.

"Nionyeshe mkono," nikamwambia.

Mke wangu alifungua mdomo kusema kwamba hilo halifanywi, akaufunga. Mama akaifungua leso na kuunyoosha mkono upande wangu, uso bado ukutani. Ncha za vidole zilikuwa na vidoa vyeusi vidogo, vingine vya zamani, vingine vya juzi. Miaka saba nilikuwa mwana wa nyumba hiyo na sikuwa nimeuona mkono ule kwa karibu. Nikaushika.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Sawa," akauambia ukuta, bila kuuondoa mkono wake. "Sasa niambie ile chuma ni ya nini. Niambie wewe, usitume huyu."