Chumvi Juu ya Mfuniko

Serikali ilipofungua milango ya biashara huria na maduka ya dawa kuchipuka Kariakoo kila kona, nami nikajifanya daktari. Nilijiunguza muundi kwenye jiko langu la mafuta ya taa, maana mtu asiyetoka nyumbani kama mimi, ajali humfuata hukohuko. Kila asubuhi nilifungua kidonge cha antibiotiki cha rangi mbili, nikanyunyiza unga wake kwenye kidonda. Miezi miwili, hakikupona.

Jirani yangu, muuguzi wa kufunga vidonda, alinikuta uani nimeuanika mguu.

"Shemeji, unatia chumvi juu ya mfuniko, halafu unalalamika mchuzi hauna ladha," alisema, akinionyesha utando wenye utelezi uliokifunika kidonda. "Wadudu wamejificha humo, dawa haiwafikii. Madaktari wakikukata mguu huo, utapata kisingizio cha kutotoka milele."

Alinipeleka kwa daktari nikaandikiwa dozi kamili, na kila jioni akausugua ule utando kwa maji ya chumvi, nami nikilia mbele ya wapangaji wote. Dawa ikapenya, kidonda kikafunga.

Juzi nilisoma gazetini kwamba wataalamu wanajaribu kuchanganya antibiotiki na protini ndogondogo zinazotoboa utando kama ule, ili dawa ipite. Nikalikunja gazeti, nikatembea kwa miguu yangu yote miwili mpaka Upanga, anakoishi yule muuguzi siku hizi, nikamsomea.

"Wamechelewa," alisema. "Ila wewe kufika huku, shemeji, hiyo ndiyo habari."

Nikamwambia asante, kwa mara ya kwanza bila utani.