Aliyepandisha Magugu Mlimani

Wifi yangu, mke wa kaka, analipwa mshahara kwa kugombana na majani. Kila wiki anapanda mlima kukagua magugu ya kigeni kandokando ya njia za watalii. Akiliona gugu analipiga picha kwa simu ya ofisi, analing'oa na mizizi yake, analifungia mfukoni, halafu anaanza kumsaka aliyelileta. Wapagazi wanamwita Mama Magugu. Na mimi namwita hivyo hivyo, akinuna shauri yake, uwifi ni wa nini kama hatutaniani?

Getini kwake mlimani hupiti bila kusugua buti kwa brashi kutoa mbegu, uwe mpagazi, uwe bosi. Siku moja alimvua buti mheshimiwa aliyekuja kupigwa picha, kumbe soksi ina tundu na kidole gumba kiko nje kinapunga upepo. Mheshimiwa akasugua.

Huku chini magugu yamejaa tele. Ila huko juu, kupita kibanda cha mwisho cha kulala watalii, palikuwa safi, na wifi alipaonea fahari kuliko anavyomwonea fahari mumewe. Simlaumu. Kaka yangu namjua.

Basi mwezi mmoja akakuta maua ya njano huko juu, kichaka kizima, ubavuni mwa jiwe. Alishuka kwa hasira. Lawama zikamwangukia mpagazi anayeitwa Kobe, mtu mzima, mpole, buti zake zimefunua mdomo, zinazoa udongo. Wifi akamsimamisha kazi mpaka msimu uishe, na yule bwana ana watoto wanaokula kwa mgongo wake.

"Mama, mimi pale napita tu na mzigo," Kobe akamwambia. "Anayekaa kwenye lile jiwe kunywa chai ni wewe."

"Mimi buti nasugua!"

Alirudi nyumbani anafoka, akakaa mlangoni kunisimulia, na mimi nikazidi kuchochea, maana umbea bila kuni haunogi. Huku anaongea, vidole vyake vinabandua vijimbegu vyeusi vilivyonasa kwenye pindo la sweta lake la mlimani. Mara vidole vikasimama. Nikatazama anakotazama. Pembeni ya mlango kuna maua ya njano aliyoyapanda kaka yangu, na kila wifi akifua, sweta lile huanikwa juu yake.

"Wifi," nikasema, "hayo si ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unayajua?"

"Tangu siku aliyoyaleta."

"Ala! Ukayaacha? Wewe uliyemvua mheshimiwa buti?"

"Kaka yako ameshawahi kuniletea nini?" akaniuliza. "Siku hiyo ametoka kutengeneza baiskeli, mikono imejaa udongo, ananiambia, nimeona hii rangi nikakukumbuka. Nimjibu nini? Kwamba ni magugu?"

Nilikuwa na utani wa kutosha wiki nzima. Wote nikauacha. Nilimwonea huruma, na kaka nikamwonea zaidi.

Asubuhi aliwakusanya wapagazi getini. "Aliyepandisha magugu ni mimi," akasema. "Yamepanda na sweta langu. Kobe anarudi kazini leo, na mbele yenu nyote namwomba radhi. Na adhabu niliyompa yeye naibeba mimi: sipandi mlima mpaka msimu uishe."

Wapo waliocheka, tena kwa sauti. Kobe hakucheka. "Pole, mama," akamwambia. "Sasa huko juu nani atatugombeza?"

Jioni kaka aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe amepiga magoti mlangoni, anang'oa. Mimi nilikuwa dirishani, sikatai.

"We! Maua yangu yamekukosea nini?"

"Ni magugu, mume wangu. Ndiyo haya niliyoyapeleka mlimani."

"Umejua leo?"

"Nilijua siku ile ile uliyoyaleta."

Kaka akatazama mashina yaliyonenepa, majani ya kijani kibichi wakati uwanja mzima umekauka.

"Na ulikuwa unayamwagilia maji?"

"Kila asubuhi."

Kaka yangu hana breki mdomoni, hata msibani huropoka. Safari hii alikunja mikono ya shati, akapiga magoti upande wa pili, akaanza kung'oa naye.