Wa Nje na Abaki Nje

Mtaani walimwita Mama Pindo, maana pindo la suruali akishalishona yeye, suruali itachakaa yote lenyewe libaki. Kazi aliifanyia chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani ya miguu ikitazama dirisha, na kila akikanyaga, pedali ililia kwii. Wateja walimshauri atie mafuta. Alikataa katakata. Mlio ule ndio uliomshikia mapigo, kwa sababu Mama Pindo hakuweza kushona bila kuimba, na wimbo wake ulikuwa mmoja tu.

Ulikuwa wimbo wa kubembelezea mtoto. Aliutunga mama mzazi wa Mama Pindo, katika nyumba ambayo mlango wake haukushika komeo. Funga jicho, mama afunga mlango, wa nje na abaki nje. Huyo wa nje alikuwa upepo na baridi, basi, hakuna jingine. Mama Pindo alimwimbia kifungua mimba wake, wa kiume, mpaka homa ilipomchukua hospitalini kabla hajajua kutembea. Binti aliyefuata naye aliimbiwa huohuo. Sasa binti alikuwa na mimba kubwa, amekuja kukaa kwa mama yake, na mama mtu alichotaka duniani ni kimoja: kumpakata mjukuu na kumwimbia.

Mdogo wake wa kiume, ambaye tangu utoto aliitwa Spika kwa kupenda redio, alikuwa fundi wa sauti studio. Mwaka uliotangulia alikuja na kinasa sauti, akakiweka juu ya vitambaa, akamwomba dada yake aimbe huku anashona, ili wimbo wa marehemu mama usipotee katika ukoo. Mama Pindo akaona kumbe mdogo wake amekua. Aliimba mpaka machozi yakamtoka, na Spika naye akajipangusa macho. Hayo macho ya Spika ndiyo yanayoniudhi mimi mpaka leo.

Ikaja tamthilia moja ya kutisha, watu wakawa hawaongei kingine. Mama Pindo hakuwa na habari na mizimu ya kwenye runinga. Alianza kushangaa watoto wa shule waliopita dirishani: akiimba tu, wanatimua mbio. Mteja mmoja akachukua gauni lake kabla halijakwisha. Ndipo jioni moja binti akamwita sebuleni aje aone. Mwanamke aliyejifunika shuka jeupe alikuwa anatembea kwenye korido ya hospitali, na sauti inaimba, wa nje na abaki nje. Nyuma ya sauti, kwii, kwii. Watazamaji walidhani ni kitanda cha maiti kinasukumwa. Mama Pindo aliitambua pedali yake hata kabla ya kuitambua sauti yake.

Hilo pengine angelimeza. Lililomkaba ni kipindi kilichofuata, cha kufichua siri za kweli nyuma ya tamthilia hiyo. Alikuwa ameketi Spika, koti jipya, anaeleza kwa sauti ya chini kwamba wimbo ule haukutungwa studio. Mwimbaji ni mama aliyempoteza mwanawe katika mazingira ya kutatanisha, na hadi leo hakuna ajuaye kilichompata mtoto.

Binti alizima runinga. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo.

"Mama," alisema, "kaka yangu alikufa na nini?"

"Homa. Nilishakwambia. Mjomba wako ndiye aliyembeba kutoka wodini."

"Najua. Nauliza tu."

Hakuwa anauliza tu, na wote wawili walilijua hilo.

Spika alipopigiwa simu hakukana. Alieleza kwamba mambo ya televisheni yanataka kutiwa chumvi, kwamba jina la mtu hakulitaja, kwamba dada alipaswa kujivunia. Mama Pindo alimwacha amalize, kisha akamuuliza kama anakumbuka mtoto alikuwa mwepesi au mzito, siku ile alipompokea kwa nesi. Spika akakata simu. Dada mtu alibaki ameishika sikioni.

Mjukuu akazaliwa, wa kike, mwenye mapafu yake. Siku waliyorudi naye nyumbani alilia hasikii la mtu. Mama Pindo akampakata, akavuta pumzi.

"Samahani, Mama," binti alisema taratibu. "Mwimbie wimbo mwingine."

Hakuwa na mwingine. Akamrudisha mtoto kwa mama yake.

Spika alikuja wiki hizo hizo, na nguo za mtoto mkononi na kinasa sauti mkobani. Studio walikuwa wanaandaa msimu wa pili wa tamthilia yao, wanaomba ubeti wa wimbo uliobaki bila kunaswa. Alimkuta dada yake anashona. Miguu inakwenda, sindano inakwenda, na chumba kimetulia tuli. Spika akasimama akingoja.

"Dada, mbona kimya?"

"Nimetia mafuta."

"Nauliza wimbo."

Mama Pindo akakata uzi kwa meno.

"Wimbo si unao wewe."

Chumba cha ndani mtoto akaanza kulia. Spika akautazama mlango, akamtazama dada yake. Mama Pindo akasimamisha miguu, akasogeza kiti chake pembeni ili Spika apite.

"Haya," alisema. "Kamwimbie."