Klachi Iliyokunywa Chang'aa

Nikikumbuka gari lile mgongo bado unaniuma. Nilikuwa dereva na fundi kwenye shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale, na kila gari nililolijua lilikuwa na klachi ya fimbo au waya. Ikikatika unafunga, unaendelea. Lakini mzungu huyo alinunua gari kuukuu la kupanda milima ambalo klachi yake ilisukumwa na mafuta ndani ya kibomba chembamba. Mafuta yakivuja, pedali inazama mpaka chini na gia hazikubali kuingia. Ndivyo lilivyonifanyia Jumanne ile.

Siku moja kabla yake, nilikuwa nimepata barua ya dada yangu kutoka Bumula. Mama hali chakula, aliandika, na anakutaja wewe; njoo upesi. Nilipoomba ruhusa, mzungu akasema kuna sanduku lake la vipuri limeshushwa kimakosa stesheni ya Bungoma. Nilifuate kwa gari, nipitie nyumbani, nilale usiku mmoja. Huruma yake ilikuwa hivyo, lazima ibebe mzigo. Kisha akapanda gari la jirani yake, akaenda zake Eldoret.

Bomba lilikuwa limepasuka mahali liliposuguana na chasisi. Nikalikata hapo, nikaupanua mdomo wake upya kwa nyundo na msumari mnene, nikairudisha nati. Hiyo ilinichukua asubuhi nzima. Mjini muuzaji wa vipuri akaniambia mafuta ya breki, ndiyo hayo ya klachi, yamekwisha, ningoje treni ya Ijumaa. Ijumaa, jamani!

Vitani, nilipokuwa dereva wa jeshi, tukikosa mafuta ya breki tulichanganya mafuta ya mbarika na spiriti. Oili ya injini ingeuvimbisha mpira wa klachi na kuuharibu. Mafuta ya mbarika niliyapata dukani, yale wanayonyweshwa watoto tumbo likifunga. Spiriti walikataa kuniuzia bila barua ya mzungu wangu. Nilijua pa kwenda, na sikutaka kwenda.

Nyuma ya kambi ya vibarua palikuwa na mama aliyepika chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Mlango wake niliwahi kuujua kuliko wa kanisa. Miaka mitatu kabla, mama yangu alisafiri kutoka Bumula akanikuta nimelala matopeni mbele ya mlango huo. Hakunifokea. Alinifuta uso kwa leso yake, akaniuliza kama atanikuta hivi tena. Nikamwambia hatanikuta. Tangu siku ile sikuonja.

"Ee, mlokole wetu amerudi!" mpika chang'aa akacheka.

"Ni ya gari."

"Ati ya gari! Siku hizi kiu inaitwa gari?"

"Mama, nimechoka. Nipe chupa moja, ile kali inayotoka kwanza, halafu uje unikanyagie klachi nitoe hewa."

Akaja, akakaa kwenye kiti cha dereva. Mimi nikalala chini ya gari. "Kanyaga! Shikilia!" Nalegeza nati, povu linatoka. Nakaza. "Achia!" Tukafanya hivyo mpaka mguu wake ukachoka.

"Hii gari yako inakunywa kuliko wewe zamani," akasema.

Nilicheka, bana, mafuta yakinitiririkia masikioni. Pedali ilikuwa imekuwa ngumu na gia zikaingia. Nilifurahi, nikamshukuru, nikaondoka.

Nilipofika Kamukuywa, nati ya bomba ikaanza kulia machozi. Nikalala matopeni, nikaikaza, nikaongeza mchanganyiko. Chupa ikaniteleza, ikanimwagikia kifuani. Nilipofika Chwele ikanilaza chini tena. Nilipovuka mto niliona watu wakioga, nikafikiria kusimama nijisafishe, lakini dada aliandika upesi. Shati la pili sikuwa nalo.

Nilifika jua likiwa bado juu. Dada alitoka mbio kunipokea, kisha akasimama.

"Hata leo, kaka? Hata leo?"

Nikampita, nikaingia ndani. Mama alikuwa kitandani, macho yake hayaoni vizuri tena. Nikapiga magoti. Akanipapasa uso, akashuka mpaka kwenye shati, na hapo mkono wake ukasimama.

"Umekuja," akasema.

"Mama, harufu hii ni ya gari. Klachi ilivuja, mafuta hayakuwepo, ikabidi niweke..." Nilijisikia nikisema, na nilikuwa nasema kama walevi wote niliowahi kuwasikia.

"Klachi ni nini?"

"Ni kitu unakanyaga ndipo gari likubali kubadilisha mwendo."

Nilitamani aniulize lingine, lolote, nimweleze tangu mwanzo: bomba, msumari, Ijumaa. Badala yake akamwomba dada leso. Akanifuta uso, polepole, paji la uso kwanza kisha mashavu, kama siku ile ya Kitale.

"Pumzika, papa," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Utaacha tu."

Alifariki kesho yake, mimi nikiwa stesheni ya Bungoma nikipakia sanduku la mzungu. Mpaka leo sijaonja hata tone, na sina wa kumwambia.