Tope la Juu

Mdogo wangu alizama ziwani miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na viwanda vya minofu vya Mwanza viliponunua sangara kwa fedha taslimu na kila kijana akakimbilia mtumbwini. Mwili haukupatikana. Nyumbani Ukerewe, baba alikata mgomba tuuzike badala yake, kama wazee wa ukoo walivyotaka. Mama akakataa. "Sikuzaa mgomba," alisema, na matanga hayakwisha.

Mimi kazi yangu ilikuwa tope. Watafiti wa kigeni walishusha bomba refu hadi sakafu ya ziwa, wakapandisha tope likiwa bado limepangika tabaka kwa tabaka, nami nikawasaidia kulichunguza kwa hadubini. Humo mna diatomu, mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa macho, yenye maganda magumu kama kioo. Ikifa huzama, na maganda yale hayaozi. Nyingine hupenda kina kirefu, nyingine maji haba. Ukijua zipi zimejaa katika tabaka, unajua enzi hizo mvua zilikuwa nyingi au kulikuwa na ukame. Chini kabisa tulikuta udongo mkavu wenye mizizi ya majani. Ziwa hili liliwahi kukauka.

Nilipokwenda likizo niliyasimulia haya kwa mbwembwe za msomi. Mdomo uliniponza. Mama aliacha kumenya mihogo.

"Kwa hiyo kinachozama hakipotei?"

"Hayo maganda tu, mama. Siyo kila kitu."

"Niletee tope la juu. La juzi juzi."

Nilimweleza kwamba tulichimba mbali na alipozama mdogo wangu. "Ziwa ni moja," akasema.

Na tope la juu ndilo tulilokuwa tukimwaga. Lilikuwa laini kama uji, halishikiki, na watafiti walitaka la kale. Nilijaza ndoo nikapanda nayo meli ya Nansio, bandari ya kwetu Ukerewe, nikiwa na hasira na ziwa, na viwanda, na nafsi yangu.

Kaburi lilichimbwa. Kabla hatujalimimina tope humo, mama aliinama, akaingiza mikono yote miwili ndooni, akapapasa taratibu kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Baba alitaka kumshika bega, akaacha.

"Hamna kitu humu," mama akasema.

Ndipo akalia. Tangu habari ifike hakuwa amelia, na sote tulikuwa tunakingoja kilio kile. Kilipokuja sikuweza kukisikiliza. Tope lilipokwisha miminwa, nilichukua ndoo nikaenda kuiosha.