Mwisho wa Filamu Niliomdanganya Wanjiru

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alinipandisha ngazi hadi kile chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa sinema, hapa mjini Nakuru, akanionyesha mashine mbili za kuonyeshea filamu, zilizotoa joto kama tanuri. "Kijana, hukuajiriwa kutazama picha," akaniambia. "Umeajiriwa kutazama kona."

Nyinyi mnaobonyeza simu hamwezi kujua. Filamu moja ilikuja kwa mikanda mitano au sita, kila mmoja na kopo lake. Mkanda ukikaribia kuisha, alama ndogo ya duara ilitokea kwenye kona ya juu, upande wa kulia. Alama ya kwanza, unawasha mashine ya pili. Alama ya pili, unabadilisha, na watu kule chini hawajui kitu. Ukiikosa, kitambaa cha picha kinabaki cheupe na ukumbi mzima unakupigia miluzi. Ndiyo maana fundi aliweza kuonyesha filamu mara ishirini asijue inahusu nini.

Wanjiru aliuza tikiti. Watu wakishaingia, naye alikuja kukaa kiti cha nyuma, lakini kabla filamu haijaisha ilimbidi arudi dirishani, maana foleni ya onyesho linalofuata ilishajipanga. Hakuwahi kuona mwisho wa filamu yoyote. Nikishuka kupunga hewa ananiuliza, "Haya, iliishaje?" Nami namsimulia, maana mkanda wa mwisho haufuatwi na mwingine, na huo niliweza kuutazama. Uchumba wetu wote ulikuwa huo, wala sioni aibu kusema.

Kisha ikaja filamu moja ya mauaji. Waigizaji hatukuwajua, lakini weh, walivyoigiza! Inspekta anachunguza kifo cha baba yake mwenyewe. Kaka yake anamkaribisha chai, na akichota sukari kijiko kinakosa kikombe, inamwagika mezani. Nilimkodolea macho yule kaka nikasahau kona, kitambaa kikawa cheupe.

"Umelala?" Fundi Mkuu akanifokea.

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimetazama filamu tangu mwanzo, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Mkanda wa mwisho niliuweka kwa hamu. Sasa sikieni upuzi. Mtu ambaye hatujamwona tangu mwanzo anaingia kituo cha polisi, anasema yeye ndiye aliyeua, anafungwa pingu, basi. Watu walirusha maganda ya njugu. Nilimwendea Meneja wa ukumbi nikamwomba tuzikate zile dakika za mwisho.

"Sisi hatupiki," akasema. "Tunapakua tu."

Niliposhuka, Wanjiru alinidaka mkono kupitia dirisha la tikiti. "Usiniambie bado! Ni kaka yake. Ile sukari ilimchoma, ikamfichua. Si ni yeye?"

Mngeuona uso wake. Ningefanyaje?

"Ni yeye," nikasema.

Tulioana, na ushindi huo aliutembeza miaka yote. Ukumbi ulipofungwa nilihamia gari la sinema, nikionyesha filamu za mbolea kwa wakulima wa viazi huko Dundori na Kuresoi. Msimamizi wangu mpya alikuja kwetu mara moja tu, naye akasimuliwa. "Mimi nilijua tangu sukari," Wanjiru alimalizia kila mara. Nilitaka kuungama, nikaahirisha, mpaka nikastaafu. Mwaka juzi akatutoka.

Mwezi uliopita, mjukuu wetu Njeri aliipata ile filamu kwenye simu, akaiunganisha na televisheni. Kwake babu ni guka, bibi ni shosho. "Guka, leo tunaona ile ya shosho!"

Sukari ilipomwagika akaruka. "Ni brathe yake! Si shosho alisema!"

Macho yangu bado hukimbilia kona. Niliziona alama zote, na ile ya kuingiza mkanda wa mwisho ilipotokea nilitaka kumwambia azime. Sikumwambia. Nilikuwa nimechoka na uongo ule. Yule mtu akaingia kituoni, akafungwa pingu zake.

Njeri akanigeukia. "Huyu ametoka wapi sasa? Guka, si ulimwambia shosho ni brathe?"

"Nilimwambia."

"Kwani shosho alikosea?"

"Hapana. Filamu ndiyo ilikosea."

Nikatazama kiti cha Wanjiru karibu na mlango. Namkumbuka sana, hasa jioni filamu zikiisha. Ningetoa chochote awepo anigombeze mbele ya mtoto, kisha aniulize, "Haya, iliishaje?"